Hofu ya Sara: Hadithi Fupi na Hukumu ya Majirani

Hoja yangu ni moja: hadithi fupi ya Kiswahili ya leo hutufaa zaidi inapoacha kumfuata mkosaji na kuwageukia wanaomzunguka aliyekosewa. Ushahidi wangu ni “Mame Bakari” ya Mohammed Khelef Ghassany, iliyomo katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), chini ya uhariri wa Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Sara, mwanafunzi, anabakwa na kushika mimba. Mbakaji hapewi nafasi kubwa; kinachotawala ni hofu ya binti: baba atafanya nini, shule itamfukuza vipi, watu watamcheka kwa maneno gani. Hao wote wamo kichwani mwake, na hukumu yao imekwisha kutolewa kabla hawajafungua mdomo.

Mtu atauliza: hadithi ya Mzanzibari, iliyosomwa sana katika sekondari za Kenya, inatuhusu nini sisi wa Kahama, watu wa mpunga na majirani wa migodi? Inatuhusu sana. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2010 uliuweka mkoa wetu wa Shinyanga wa wakati huo juu ya mikoa mingine kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 kati ya 100 wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Tangu hapo Mahakama Kuu ya Tanzania mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zimeona kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyomruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Na Novemba 2021 serikali iliwafungulia tena shule wasichana waliojifungua. Lakini anayerudi darasani hupita kwanza mbele ya shangazi, ya vijana wa mashine za kukoboa na ya wateja wa mama lishe. Takwimu hutaja wangapi waliacha shule. Hadithi hutusikilizisha maneno yaliyowatoa.

Msomaji mkali atapinga kwamba mwisho wa hadithi hii ni mwepesi, kwa kuwa wazazi wanasimama na binti yao. Pingamizi hilo lina uzito. Fasihi yetu ya shuleni hupenda kufunga kwa funzo. Hata hivyo, hapa faraja yenyewe ni shtaka. Ikiwa wazazi walikuwa tayari kumpokea, mbona Sara hakulijua hilo katika siku zote za kiwewe chake? Huruma isiyotamkwa haimfikii anayeihitaji. Wazazi wenzangu, tusingoje mimba ndipo tuseme. Binti alisikie leo, nyumbani kwake: likikufika la kukufika, njoo kwetu kwanza.