NYAMA AU MAHARAGE?
(Maneno ya kamati kwa wanachama)



Ubishi umekuwa mrefu hapa kijijini. Wengine wanasema asiyekula nyama hana nguvu, na maharage ni chakula cha shida. Wengine wanajibu, nyama ndiyo inayoleta presha, heri mboga tu. Tumeona tuseme wazi, maana ubishi huu unafika mpaka kwenye sahani ya mtoto.

Kwanza nyama. Nyama inajenga mwili, na madini yake ya chuma yanaingia kwenye damu kwa urahisi kuliko ya mboga. Ina pia vitamini B12, ambayo haimo kwenye mimea. Mwili ukiikosa muda mrefu, damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika. Basi anayeacha nyama asiache pia maziwa, mayai na dagaa.

Lakini nyama ikizidi ina hasara. Mafuta yake yanachangia kuziba mishipa ya moyo. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za viwandani, kama soseji, zinasababisha saratani ya utumbo mpana. Kula gramu 50 kila siku kunaongeza hatari hiyo kwa asilimia 18. Nyama nyekundu nayo waliitilia shaka. Na nguruwe ambaye hakupimwa na bwana mifugo, tena hakuiva sawasawa, anatuletea minyoo ya tegu.

Sasa maharage. Gramu 100 za maharage makavu zina protini kama gramu 20, karibu sawa na nyama mbichi. Ila yakipikwa hunywa maji, kwa hiyo vijiko viwili havitoshi, jaza sahani. Yana nyuzinyuzi zinazosafisha tumbo na kusaidia moyo. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, aliona kuwa wanavijiji wa Afrika, waliokula vyakula visivyokobolewa, hawakusumbuliwa na magonjwa mengi ya utumbo yaliyowajaa watu wa Ulaya. Basi maharage siyo chakula cha shida hata kidogo.

Na chai je? Chai ni mali yetu hapa Rungwe, lakini ukiinywa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma ya maharage na mboga. Ngoja kama saa moja hivi. Chungwa au papai ndilo linalofaa pale mezani.

Ndugu, ugomvi wenyewe hasa siyo nyama na maharage. Nyanda za Juu Kusini zinalisha nchi, lakini watoto waliodumaa ni wengi. Kwa nini? Maziwa tunauza yote, mayai tunauza, parachichi linapanda gari. Mtoto anabakiwa na ndizi na chai ya rangi. Ndizi inashibisha, lakini protini yake ni kidogo mno. Siku ya nyama, baba anakula minofu, mtoto analamba mchuzi. Hata sisi wa kamati tumefanya hivyo majumbani mwetu, tusifichane.

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba:
1. Mtoto aliyepita mwaka mmoja apate kikombe cha maziwa kabla ndoo haijatoka. Yachemshwe.
2. Maharage, njegere au karanga kila siku, pamoja na mboga za majani.
3. Nyama ikipatikana, mtoto na mama mjamzito wapakuliwe kwanza.
4. Mtu mzima mwenye presha apunguze mafuta na chumvi.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa kwa vikundi kusikiliza redioni Mtu ni Afya, na mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Kazi ile haijaisha. Fedha ya maziwa ni nzuri, lakini mtoto akishadumaa, fedha haimrudishii kimo chake.