Mkojo wa Kutengeneza kwa Somo la Sayansi

 

Siku moja mtoto wako wa sekondari anaweza kukuomba yai na glukosi ya dukani, akuambie, "Mwalimu amesema tutengeneze mkojo." Usimfukuze jikoni. Anasema kweli.

Katika bayolojia wanafunzi hujifunza kazi ya figo. Figo zenye afya huchuja damu, zikarudisha sukari mwilini na kuzuia protini isipotee. Vipimo vya darasani visione sukari wala protini katika mkojo wa mtu mwenye afya.

Utauliza, kwa nini wasitumie mkojo wao wenyewe? Kwanza ni usafi. Mkojo unaweza kuwa na vijidudu, na chupa hupitia mikono mingi. Pili ni siri ya mtu. Mama mmoja alinijia kliniki na binti yake. Darasani kila mmoja alikuwa ameleta mkojo wake. Wa binti huyu ulipochemshwa na dawa ya Benedict, uligeuka kutoka buluu hadi rangi ya tofali. Wenzake walicheka. Alikaa nyumbani siku nne bila kusema sababu. Nilipompima damu, ilikuwa kisukari. Mama zangu, siku nne kwa mtoto kama huyo ni nyingi mno.

Basi msaidie hivi. Tafuta chupa tatu safi zenye vifuniko. Tia glasi moja ya maji, chumvi kidogo na tone la rangi ya manjano ya chakula katika kila chupa. Chai kali haifai, kwani huchafua maji ya yai.

Chupa ya kwanza iache hivyo. Huo ni mkojo wa mtu mwenye afya.

Ya pili tia kijiko kimoja cha chai cha glukosi. Sukari ya chai haifai, kwa sababu dawa ya Benedict haiitambui. Huo ni mkojo wa mwenye kisukari.

Ya tatu tia ute mweupe wa yai bichi, koroga polepole, kisha chuja kwa kitambaa. Usichemshe, yai litaganda. Huo ni mkojo wenye protini. Shuleni utageuka zambarau kwa dawa za kupima protini. Dawa hizo huchoma ngozi, zisiletwe nyumbani.

Andika kwenye kila chupa: SI YA KUNYWA. Mtoto mdogo akiiona ataidhani ni soda. Itengenezwe asubuhi ya somo, imwagwe baada ya somo, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Sasa, mama, somo hili ni lako pia. Ukiwa mjamzito, kile kikombe unachopewa kliniki ni cha kutafuta protini hiyo hiyo. Protini kwenye mkojo pamoja na presha ya juu yaweza kuwa dalili ya hatari inayotangulia kifafa cha mimba. Usikiruke kipimo hicho.

Na mtoto akinywa maji kupita kawaida, akikojoa mara kwa mara, akianza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, au akikonda ingawa anakula, usiseme ni uvivu. Usingoje uone sisimizi wakizunguka mahali alipokojoa. Mpeleke apimwe sukari siku hiyo hiyo. Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu au kulegea, kimbia hospitali hata kama ni usiku. Wengi hudhani ni malaria, wakachelewa.

Kumbuka: mkojo wa darasani utengenezwe, mkojo wa mtoto wako upimwe kliniki, kwa siri na kwa heshima.