Kunde na Mahindi: Maneno ya Katibu Mkutanoni

Ndugu wanachama,

Sisi wa darasa la watu wazima tulisoma habari ya kunde, tukaenda kung'oa shina tuone. Kweli bwana! Mizizini mna vinundu, na humo vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani. Majani na mizizi vikioza, mahindi ya mwaka ujao yanakula humo.

Sasa, mwenzetu mjane anaumwa wiki ya tatu. Magugu yamefunika mahindi yake. Tunapita pale kila siku kwenda kisimani, tunatoa salamu, basi. Hata sisi viongozi tumepita, na aibu hiyo ni yetu.

Palizi haingoji. Jumamosi saa 12 asubuhi tukutane shambani kwake. Asiye na jembe aje vilevile, ya ushirika yapo mawili.