Wanakamata gobore, karatasi inapita

(Mazungumzo mbele ya vijana, Kirumba, Mwanza)

Wengine naona mmetoka mwaloni moja kwa moja. Msione haya, na mimi nimekulia kwenye harufu hiyo hiyo.

Mada niliyopewa ni udhibiti wa silaha duniani. Mtu akisikia hivyo anawaza Marekani, Urusi na mabomu yao ya nyuklia. Lakini huku Maziwa Makuu watu wetu wameuawa kwa bunduki, guruneti na panga. Na bunduki hazichimbwi ardhini kama dhahabu ya Geita. Zinaletwa, na zinaletwa kwa karatasi.

Sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1993 serikali ya Seychelles ilikamata silaha ndani ya meli iitwayo Malo. Mwaka uliofuata Rwanda ikawaka moto. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara. Mwezi Mei mto Kagera ukawa unamwaga maiti ndani ya ziwa hili, watu wa pwani yake wakaogopa hata kula samaki. Tarehe 17 Mei Umoja wa Mataifa ukapiga marufuku kuipelekea Rwanda silaha.

Dunia nzima imeziona maiti, marufuku ipo, na bado mwezi Juni zile silaha za Seychelles zikauzwa! Karatasi zilisema mnunuzi ni Zaire. Ndege zikazishusha Goma, zikaingia mikononi mwa jeshi la waliokuwa wakiua. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa 1995 ndiyo iliyofukua mambo hayo. Karatasi yenyewe huitwa hati ya mtumiaji wa mwisho: serikali inaapa kwamba silaha ni zake, hazitakwenda kwa mwingine. Muhuri ukigongwa, nani atafungua sanduku?

Sasa turudi hapa kwetu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare. Aliuliza: haya madege ya Ilyushin yanayobeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, yanapokuja yanaleta nini? Rubani mmoja alisimulia humo jinsi alivyopeleka mizigo mizito kama vifaru Angola, kisha akapitia Johannesburg kuchukua zabibu. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaishutumu filamu hiyo hadharani, wakubwa wakaitikia.

Mimi sisemi filamu ilithibitisha kila ilichodokeza. Haikuonyesha hata sanduku moja la silaha likishushwa Mwanza. Lakini swali la mizigo halijibiwi kwa hasira. Linajibiwa kwa daftari la mizigo: ndege gani, imetoka wapi, imeshusha nini, nani katia saini. Machi 2005 Ilyushin moja iliruka hapa ikiwa na minofu, ikatumbukia ziwani, watu 8 wakafa. Tulijua ilichobeba ikiondoka. Kwa nini ilichobeba ikija kiwe siri?

Upo Mkataba wa Biashara ya Silaha. Unazitaka nchi zizuie silaha zisipotee njiani, na zisiuziwe mtu anayejulikana atafanya mauaji ya kimbari. Tanzania ilitia saini siku ya kwanza, 3 Juni 2013. Mkataba ulipoanza kufanya kazi, 24 Desemba 2014, hatukuwamo kati ya walioridhia. Tulichopata ni sheria ya silaha na risasi ya 2015. Ni nzuri kwa mwenye gobore kule kijijini. Huyo atakamatwa na kupigwa picha. Mwenye hati yenye muhuri yeye anapita uwanja wa ndege akisalimiwa.

Kwa hiyo mbunge akija kuomba kura msimuulize fulana na kofia tu. Mwulizeni mkataba ule umefikia wapi, na daftari la mizigo ya uwanja wetu linasomwa na nani. Mzigo ukishuka, anayetangulia kuutia bega ni kijana kama ninyi.

Haya, maswali. Yule wa nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja sangara.