Benki na Waanzilishi Wake: Mombasa, Mariakani na Kangema

Mwaka 1896, kazi ya kutandika reli ya Uganda ilipoanza Mombasa, National Bank of India, iliyoasisiwa Calcutta mwaka 1863 na baadaye kuhamishia makao makuu London, ilifungua tawi katika mji huo, na haikuwa bahati nasibu kwamba mambo hayo mawili yalifuatana, kwani reli na bandari zilihitaji rupia, iliyokuwa sarafu ya nchi, pamoja na mahali pa kuitunza. Reli ilipopita Mariakani, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi, ilikipa kitongoji hicho kituo cha treni, lakini benki haikushuka kituoni hapo, nayo mali ya wenyeji wa Mariakani na Kaloleni, ambayo ilikuwa ng'ombe, mbuzi na minazi, haikukubalika kwa urahisi kuwa dhamana, yaani mali inayowekwa rehani ili mkopeshaji aiuze endapo deni halitalipwa.

Serikali ya Kenya ilipochukua asilimia 60 ya hisa mwaka 1970, na benki hiyo, ambayo wakati huo iliitwa National and Grindlays, ikageuka Kenya Commercial Bank, mwenye mali alibadilika. Mfugaji asiye na hati ya shamba, hata hivyo, aliendelea kusimama nje.

Kangema, mji mdogo wa Murang'a, ulitoa mwanzo wa aina nyingine. Mwaka 1984 Peter Munga alianzisha huko Equity Building Society, taasisi ya kukusanya akiba na kukopesha fedha za kujenga au kununua nyumba. Kufikia 1993 zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipwi na taasisi ilikuwa mufilisi, maana yake madeni yalizidi mali. Na hapa ndipo penye kiini cha habari hii, kwa sababu James Mwangi, aliyejiunga nayo wakati huo, pamoja na wenzake, waliwageukia wafanyakazi na wateja wenyewe wanunue hisa, kisha wakapeleka magari yaliyofanywa matawi hadi vijijini, siku za soko, wakafungulia akaunti watu ambao benki kubwa zilikuwa zimewafungia mlango kwa masharti ya salio. Taasisi ikawa benki kamili mwaka 2004, na mwaka 2006 hisa zake zikaingia soko la hisa la Nairobi.

Tangu mwaka 2010, Benki Kuu ilipoidhinisha mawakala, duka la Mariakani lenye kaunta ya mbao na mizani ya sukari linaweza kupokea akiba ya mteja wa benki. Hata hivyo, wakala hutoa huduma kwa niaba ya benki tu. Uamuzi wa nani akopeshwe hubaki kwa benki yenyewe, ambayo mwelekeo wake hutokana na walioianzisha na wanaoimiliki, na hilo ndilo linalotofautisha Kangema na Mombasa ya 1896. Vyama vya ushirika navyo huanzishwa na kumilikiwa na wanachama wenyewe. Kwa hiyo Kaunti ya Kilifi na vyuo vya Pwani havina budi kukusanya daftari za vyama vya ushirika vya Kaloleni na Mariakani, na kuziweka katika hifadhi ya nyaraka za umma kabla mchwa hawajazimaliza.