MAVAZI YA USAILI WA SIKU NYINGI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Twaulizwa mara kwa mara na vijana wanaoitwa Dodoma kusailiwa kwa kazi za Serikali, wavae nini. Wengi hudhani usaili ni jambo la saa moja. Sivyo. Aghalabu huanza na mtihani wa kuandika, ndio mchujo. Waliofaulu huitwa siku nyingine kwa mahojiano, na kwa kazi kama udereva huwapo pia siku ya vitendo. Tena tangazo lenyewe husema wazi ya kuwa kila msailiwa atajigharimia usafiri, chakula na malazi. Maneno hayo yasomwe kabla ya kwenda dukani.

Kwa maana wako vijana wanaokopa fedha wakashona suti mpya, kisha wakafika Dodoma hawana chakula cha siku ya pili wala nauli ya kurudi. Suti haijibu mtihani. Siku ya mchujo watu huketi mamia kwa mamia, na anayesahihisha huona majibu, haoni shati. Siku hiyo yatosha nguo safi ya heshima, na viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu, maana kusimama foleni ni kwingi.

Nguo bora na ingoje mahojiano. Nayo si lazima iwe suti. Mwanamume, shati jeupe la mikono mirefu, suruali ya kitambaa na tai ya rangi moja. Mwanamke, gauni au sketi ipitayo magoti, isiyobana wala kuangaza. Mwenye shaka na autazame waraka wa Serikali wa mwaka 2007 juu ya mavazi ya watumishi. Wengi wetu tuliingia kazini kwa nguo za mtumba zilizopunguzwa na fundi wa mtaani, wala hakuna aliyetuuliza zilikotoka. Lakini koti la kuazima twalikataa kabisa: likiwa pana, mwenyewe hushinda akilivuta mabegani mbele ya jopo, na swali limempita.

Watokao pwani husahau vumbi na upepo wa Dodoma, na baridi ya asubuhi mwezi wa Juni na Julai. Wachukue sweta, na kitambaa cha kufutia viatu. Mashati mawili yatosha, kwa kuwa hewa ya kule ni kavu, na lililofuliwa jioni mara nyingi hukauka kabla ya asubuhi. Pasi iulizwe siku ya kufika, wala si alfajiri ya mahojiano, umeme ukiwa umekatika.

Basi wanachama wakaao Dodoma, wawezao kumlaza kijana siku mbili tatu, twawaomba waandikishe majina kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi, wakieleza na kama nyumbani mna pasi.