Kabla Giaboksi Haijafunguliwa

Msikilizaji wa Kericho na Bomet, ukiendesha gari la otomatiki, hili ni lako.

Ndani ya giaboksi kuna sensa inayopima joto la oili. Kompyuta ya gari huitegemea inapobadilisha gia. Sensa ikiharibika, gia huingia kwa kishindo, au gari hung'ang'ania gia moja, na taa ya onyo huwaka. Wengi huambiwa giaboksi imekufa. Ngoja kwanza. Huenda ni sensa tu, au waya wake.

Baridi yetu ya asubuhi ina faida hapa. Acha gari lilale usiku kucha. Alfajiri, fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Afungulie swichi, lakini injini isiwashwe. Joto la oili ya giaboksi na la maji ya injini yakaribiane, kwa sababu vyote vimelala kwenye baridi ile ile. Mashine ikisema oili inachemka, na majani chai nje bado yana umande, sensa au waya unadanganya.

Narudia: pima asubuhi, gari likiwa baridi, kabla giaboksi haijafunguliwa.

Lakini taa ikiwaka ukipanda na mzigo kutoka Sotik kuelekea Kericho, usikimbilie kulaumu sensa. Oili inaweza kuwa imechemka kweli. Simama mahali salama, gari lipoe. Oili ikaguliwe, kiwango chake na harufu. Nyeusi inayonuka kuungua ni habari nyingine, tena mbaya.

Na fundi asiyetaka kukagua waya na plagi kwanza, mwache, tafuta mwingine.